Baridi ya Kitale na Miguu ya Baiskeli: Ununue Nguo Gani, na Ulipe Vipi

Mtu anayetoka Kiminini saa kumi na moja alfajiri na mikebe ya maziwa kwenye karia hahitaji kuambiwa kwamba upande wa Kitale kuna baridi. Anachotaka kujua ni kama zile mia nane zilizo kwenye simu yake zitamnunulia kitu cha kumfunika magoti mpaka Agosti iishe, ama zitamnunulia taiti itakayotoboka wiki ya tatu. Mara nyingi kwenye masomo haya tunaongea juu ya pini, akiba na matapeli. Leo tunachukua kitu kimoja kidogo, nguo ya miguu, na kukifuata kutoka kwa rundo la mitumba hadi kwa ujumbe wa malipo. Pesa hupotea katikati ya hiyo safari, na mara nyingi mwenye pesa hata haoni zilipopotelea.

Tuanze na baridi yenyewe, kwa sababu watu wengi hununua nguo ya baridi ambayo si yao.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Bungoma mjini ni karibu mita 1,400. Hewa hupoa kwa takriban digrii sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hivyo kati ya miji hii miwili kuna tofauti ya kama digrii tatu. Zinaonekana chache. Lakini ndizo zinazofanya mtu wa Kanduyi aende sokoni mwezi wa Julai na longi ya kawaida, huku mwenzake wa Kitale akipuliza vidole kabla ya kushika breki.

Halafu kuna upepo, na huo mwendesha baiskeli hujitengenezea mwenyewe. Watabiri wa hali ya hewa wana hesabu ya kupima jinsi upepo unavyoongeza baridi kwenye ngozi. Kwa hesabu hiyo, hewa ikiwa digrii 10 na wewe ukienda kilomita 25 kwa saa, ngozi iliyo wazi inahisi kama ni digrii 7. Ukiteremka kutoka Kapsokwony kuelekea Kimilili kwa kilomita 40 kwa saa, inahisi kama digrii 6. Na kwenye mteremko hukanyagi pedeli. Miguu iliyokuwa ikijipasha moto kwa kazi inakaa tu, inapigwa na upepo. Hapo ndipo magoti hukakamaa, na chini kabisa ukikutana na kilima kidogo unahisi kama umeazima miguu ya mtu mwingine.

Kitu cha tatu ni kwamba baridi yetu haikai. Kufikia saa nne asubuhi jua la Trans Nzoia limekuwa kali, na mchana mawingu yanaanza kukusanyika kwa mvua ya jioni. Mtu wa Uingereza akinunua suruali nzito ya baiskeli ya msimu wa baridi, anaivaa kutwa nzima. Wewe ukiivaa hiyo, saa tano utakuwa umelowa jasho. Kwa hivyo nguo inayokufaa ni ile inayozuia upepo alfajiri na inayovuliwa kwa urahisi jua likitoka. Ukiweka hilo akilini, nusu ya nguo utakazoonyeshwa sokoni zitajiondoa zenyewe.

Funika goti kwanza

Kama pesa ni kidogo, zianzie kwa goti. Paja lina nyama nyingi na linafanya kazi muda wote, kwa hivyo linajipasha. Goti halina nyama ya kulifunika, liko mbele, na linakata upepo kila unapokanyaga. Waendesha baiskeli wa mashindano wanajua hili vizuri. Utawaona kwenye picha asubuhi za baridi wamevaa kaptura fupi ya kubana, na chini yake mirija miwili ya kitambaa inayoanzia katikati ya paja. Mingine huishia chini ya goti, mingine kwenye kifundo cha mguu. Jua likitoka wanaivua na kuitia mfukoni bila kuvua kaptura. Ni nguo iliyobuniwa kwa asubuhi za milimani kama zetu, ingawa waliobuni hawakuwa wakiwaza Kitale.

Watu wetu husema baridi huleta baridi yabisi. Tuseme hivi: goti lenye maumivu tayari linaweza kuuma zaidi wakati wa baridi, na misuli iliyopoa hufanya kazi polepole, kwa hivyo kulifunika kunasaidia. Lakini goti lililovimba, ama linalouma hata ukiwa umelala, halihitaji taiti. Linahitaji kuonwa kliniki, na hizo pesa ni afadhali uende nazo huko.

Kitambaa: usome lebo hata kama ni ya Kijerumani

Hapa ndipo tutakaa kidogo.

Pamba ni kitambaa kizuri cha kukaa nyumbani. Kwa baiskeli ya alfajiri ni mtego. Pamba hunywa maji: umande, manyunyu, jasho lako mwenyewe. Na maji hupitisha joto la mwili kwenda nje mara 20 na zaidi kuliko hewa kavu. Trakisuti nzito ya pamba itakupa joto kwa kilomita tano za kwanza, halafu itakuwa kama umevaa kitambaa cha kupigia deki. Jinzi ni vivyo hivyo, tena mshono wake mnene wa katikati utakuchubua.

Poliesta hainywi maji karibu yoyote. Ikilowa, unaikamua, na baada ya muda mfupi imekauka mwilini. Sufu, yaani manyoya ya kondoo, ina tabia ya ajabu: inaweza kubeba unyevu mwingi kabla hujauhisi, na hata ikiwa na unyevu bado inatunza joto. Ndiyo maana sweta la zamani la shule la sufu lilikuwa linavumilika kwenye manyunyu. Kitambaa cha poliesta chenye manyoya mafupi laini upande wa ndani, kama blanketi la mtoto, ndicho kinachofaa zaidi kwa bei ya kawaida. Nje ni laini, upepo unateleza. Ndani kinashika hewa ya joto.

Sasa, mitumba ya Kitale na Bungoma hutoka nchi nyingi, na lebo ndogo ya ndani haijui kwamba wewe unasoma Kiswahili. Jifunze maneno machache. "Cotton" utaijua. Kwa Kifaransa ni "coton", kwa Kihispania "algodón", na kwa Kijerumani ni "Baumwolle". Hilo la mwisho limewadanganya wengi, kwa sababu lina "wolle" ndani yake na linafanana na jina la sufu. Si sufu. Maana yake ni sufu ya mti, yaani pamba. Sufu yenyewe kwa Kijerumani utaona "Wolle" peke yake, ama "Schurwolle". Kwa Kifaransa ni "laine", kwa Kiitaliano na Kihispania ni "lana". Ukiona "merino", hiyo ni sufu laini isiyowasha sana, na muuzaji ambaye hajaisoma anaweza kukuuzia kwa bei ya fulana. Nyamaza ulipe.

Neno lingine ni "elastane". Lycra na Spandex ni kitu hicho hicho kwa majina tofauti. Ndiyo inayofanya nguo ivutike na kurudi. Kwa nguo ya kubana miguu, unataka iwepo kidogo pamoja na poliesta ama nailoni. Bila hiyo, goti litatokeza kama kiroba baada ya siku mbili.

Lebo ikiwa imekatwa, tumia mikono na mdomo. Weka kitambaa kwenye midomo upulize kwa nguvu. Kama pumzi inapita bila kizuizi, upepo wa barabara ya Webuye utapita pia. Kisha kiinue juu ukitazame dhidi ya jua: ukiona mwanga unapenya sehemu za goti na za kukalia kuliko kwingine, mwenyewe wa kwanza alishaimaliza. Vuta sehemu ya goti kwa vidole viwili, hesabu mpaka tano, achilia. Ikirudi mara moja, bado ina uhai. Ikibaki imelegea, irudishe kwa rundo hata kama umeambiwa ni kamera.

Na hiyo "kamera" tuiseme wazi. Sokoni, kamera ni zile nguo za kwanza zinazochaguliwa beli likifunguliwa, na fagia ni zile za mwisho zilizobaki baada ya kila mtu kupekua. Bei ya kamera ni ya sura: rangi, jina la kampuni, mtindo. Kwa mtu anayetafuta nguo ya kuvaa gizani ndani ya kaptura ama chini ya koti la mvua, sura haina kazi. Fagia ya sufu ni bora kuliko kamera ya pamba.

Wanaume wana tatizo lao hapa. Taiti nzuri za poliesta zenye manyoya ndani mara nyingi huwa kwenye rundo la kina mama, na mwanamume anaona aibu kupekua pale. Vaa kaptura juu yake, hakuna atakayejua, na magoti yako hayajui rundo lilikuwa la nani. Kwa mama ama dada anayeendesha na sketi, taiti hiyo hiyo chini ya sketi ndiyo rahisi kabisa, mradi sketi iwe imefungwa isiingie kwenye cheni.

Mikono ya sweta

Njia ya bei rahisi kuliko zote haiko kwenye rundo la suruali. Iko kwenye masweta.

Tafuta sweta la fagia la sufu ama la mchanganyiko wa sufu, lenye mikono mirefu na mkono usiotoboka kwenye kiwiko. Shingo ikiwa imechanika, bei itashuka zaidi, na wewe shingo huitaki. Kata mikono yote miwili pale begani. Sehemu ya kiganja, ile inayobana, ndiyo itakaa kwenye kifundo cha mguu. Sehemu pana ya begani itapanda juu ya goti. Mpelekee fundi akunje ule ukingo wa juu na apitishe lastiki ya upana wa vidole viwili. Lastiki nyembamba itakukata paja na kuzuia damu. Hiyo pana inashika bila kubana. Kama mikono ni mifupi kwa mguu wako, acha kifundo wazi, goti lifunikwe.

Hapo umepata ile mirija ya waendesha baiskeli wa mashindano kwa bei ya sweta bovu na kazi ya fundi ya dakika kumi. Saa tatu jua likitoka unaivuta chini, unaitoa, unaikunja, unaitia chini ya kiti. Kiwiliwili cha sweta kilichobaki ni kizibao cha kuvaa ndani ya jaketi.

Upungufu wake ni upepo. Sufu iliyofumwa ina matundu. Dawa yake ni ya zamani: kwenye Tour de France, waendeshaji waliofika kileleni walikuwa wakipewa magazeti na watazamaji, wanayasukuma ndani ya fulana kifuani kabla ya kuteremka, na upepo unakwama kwenye karatasi. Ukurasa mmoja wa gazeti uliokunjwa mara mbili, kati ya ngozi na sufu mbele ya goti, unafanya kazi hiyo hiyo asubuhi kavu. Siku ya mvua karatasi haifai. Tumia kipande cha mfuko safi wa nailoni, mbele tu. Ukiuzungusha mguu wote, jasho halitakuwa na pa kwenda.

Cheni, na lori la nyuma yako

Mguu wa kulia uko upande wa cheni. Nguo yoyote inayopepea hapo chini, iwe longi pana ama trakisuti ya mguu mpana, itaingia. Cheni haichani tu nguo. Inaweza kukufunga mguu kwenye pedeli ukiwa katikati ya barabara na mzigo wa kilo hamsini nyuma. Kwa hivyo kabla ya kulipa, angalia mguu wa nguo unaishia vipi: zipu, lastiki, ama kiganja kinachobana. Kama unaishia wazi, ongeza mkanda wa kifundo. Chagua unaong'aa ukimulikwa na taa. Barabara ya Kitale kwenda Webuye ina malori ya usiku kucha, na mkanda unaong'aa kwenye mguu unaopanda na kushuka humwambia dereva haraka kwamba mbele kuna mtu, kuliko kipande kinachong'aa kikiwa kimetulia kwenye madigadi.

Wa pikipiki wasome hapa pia. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye digrii 10 unahisi kama digrii 5 na nusu, na magoti ya pikipiki hayafanyi kazi yoyote ya kujipasha. Nyinyi mnahitaji kizuia upepo kabla ya sufu.

Hesabu ya rahisi na ghali

Tuchukue mfano, na hizi bei ni za mfano tu. Zako utazijaza mwenyewe. Kuna taiti mpya ya dukani ya shilingi 250, nyembamba, inayodumu wiki tatu kwenye kiti cha baiskeli. Juni hadi mwisho wa Agosti ni wiki 13. Utanunua nne, wiki ya mwisho uvumilie. Hiyo ni 1,000. Upande wa pili kuna taiti ya mtumba ya poliesta nzito kwa 600, ambayo itamaliza msimu na kubaki ya mwaka ujao. Wengi wananunua ile ya 250, na si kwa kutojua hesabu. Siku ile wana 300 mfukoni, hawana 600.

Ongeza sasa ada, ambazo huwa hazihesabiwi. Kwa viwango vya M-Pesa vilivyowekwa Julai 2023, kutoa 250 kwa wakala ni shilingi 29. Ukitoa mara nne kununua taiti nne, umelipa 116 za kutoa pesa peke yake. Kutuma 600 kwa namba ya mtu ni shilingi 13. Kulipa 600 kwa till ya muuzaji, wewe mnunuzi hukatwi kitu. Viwango hubadilika, kwa hivyo angalia vya sasa kabla hujapiga hesabu yako. Shilingi 116 ni pesa ya sweta la fagia, na fundi labda utamwongezea kidogo.

Ile 600 utaipata wapi basi? Shilingi 20 kwa siku kwa siku 30 zinatosha. Shida ni kwamba zikikaa kwenye salio la kawaida, zitaenda na chapati. Ziweke mahali pa kufungwa, kama akaunti ya akiba ya kufunga ya M-Shwari ama chama chenu cha steji, na anza mwezi wa Aprili ama Mei, kabla baridi haijakushika. Fuliza iko, lakini ina ada ya asilimia moja ya kuitumia na ada ya kila siku juu yake mpaka ulipe, na pesa ya kwanza itakayoingia kwenye laini yako inakatwa. Kama pesa yako ya kesho ndiyo ya kununulia maziwa ya kuuza, kukopa kwa ajili ya taiti kutakugusa mtaji.

Kulipa sokoni

Ukiwa mbele ya muuzaji, iwe ni soko la Kitale, Chwele ama kwa mama aliyetandaza turubai kando ya barabara, utaratibu ni mmoja: shika, pima, patana, halafu ndiyo utoe simu. Mtu aliyeshika simu tayari amepoteza nguvu ya kupatana.

"Mama, hii ni ngapi?"

"Mia tano, kijana wangu. Hiyo ni kamera, angalia ilivyo nzito."

"Goti hili limelegea kidogo. Nikulipe mia tatu na hamsini?"

"Weka mia nne twende. Nikufungie?"

"Sawa mama. Till yako itasoma jina gani?"

"Itasoma la mzee wangu, ndiye aliisajili. Niambie ukiliona."

Hilo swali la mwisho ndilo somo. Usiulize namba peke yake, uliza na jina, kabla hujaanza kubonyeza. Kabla malipo hayajakamilika, jina la mwenye namba hutokea kwenye simu yako. Likilingana na alilokuambia, endelea. Likiwa lingine, simamisha umuonyeshe. Mara nyingi ni tarakimu moja umekosea, hasa soko likiwa na kelele na yeye anataja namba kwa haraka.

Ujue pia unalipa kwa njia gani. Till ya Lipa na M-Pesa haikukati wewe. Muuzaji ndiye anayekatwa kidogo. Pochi la Biashara hukukata kama unavyotuma kwa mtu. Pia, malipo ya Pochi hayawezi kurudishwa kwa ombi lako peke yako, lazima muuzaji akubali. Iliwekwa hivyo kuwalinda wauzaji wadogo dhidi ya wanunuzi waliokuwa wakichukua bidhaa kisha wanarudisha pesa kwa siri wakifika kona. Tunaona ni haki. Ila inamaanisha kwamba ukibonyeza, umenunua.

Kuagiza kutoka Nairobi kwa simu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Unaona kwenye simu picha ya mirija ya miguu ya baiskeli, mpya kwenye karatasi, 1,500 tu, "tunatuma nchi nzima". Unaandika, unajibiwa kwa heshima, boss hivi, boss vile. Kisha: tuma nauli ya mzigo kwanza. Halafu: mzigo uko kwenye gari lakini kuna shilingi 300 za kufungia. Halafu namba inazima.

Dalili huwa zile zile. Bei iko chini kuliko ya kila mtu, pesa inaombwa kwa namba ya mtu binafsi, jina linalotokea halihusiani na duka, na kuna haraka: imebaki moja. Muuzaji wa kweli hukubali kukupigia picha ya nguo yenyewe ikiwa na lebo ya ndani, siku hiyo hiyo. Omba picha hiyo. Umeshajua kusoma lebo, kwa hivyo utaona kama ni poliesta ama ni pamba iliyopewa jina la kigeni. Mwambie pia vipimo vyako kwa sentimita: mzunguko wa katikati ya paja, mzunguko wa goti, na urefu kutoka paja hadi kifundo. Usimwambie "medium". Medium ya taiti ya mwanamke wa Ulaya na ya mwanamume wa China si ndugu.

Tafuta muuzaji anayekubali ulipe mzigo ukifika na ukishaufungua. Wapo, na wengine wataomba nauli peke yake mbele. Hiyo nauli ihesabu kama pesa unayoweza kuipoteza bila watoto kulala njaa. Zaidi ya hapo, usitume.

Ukikosea namba kabisa, sambaza ule ujumbe wa malipo kwenda 456 mara moja, kabla aliyepokea hajaitoa. Akishaitoa, kurudi ni vigumu. Lakini 456 ni ya pesa iliyoenda kwa mtu asiye yeye. Haiamui kesi ya nguo iliyokuja ikiwa imetoboka. Ujumbe wa kitapeli usambaze kwenda 333. Na mtu akikupigia kwamba amekutumia pesa kimakosa umrudishie haraka, soma salio lako kwanza. Ujumbe wa kweli hutoka kwa jina MPESA, hautoki kwa namba ya simu ya mtu. Kama pesa kweli imeingia, mwambie aombe irudishwe kupitia huduma ya wateja, usimtumie wewe mwenyewe.

Mzigo ukifika ofisi ya usafirishaji, Kitale ama Bungoma, usitie sahihi kwanza. Ufungue pale pale kaunta, utoe nguo, uisome lebo, uvute goti, upulize. Kama si ile ya kwenye picha, ipige picha ikiwa na karatasi ya mzigo yenye jina na tarehe, umwambie karani kwamba unaikataa, na ujumbe wa malipo uuhifadhi usiufute hata simu ikijaa.